Nilivyoficha ujumbe ndani ya wimbo wa sauti tano

Wengi wanaotaka kuficha maneno ndani ya wimbo huanza kwa kuipa kila herufi nota yake: A iwe do, B iwe nota inayofuata, na kuendelea hivyo hadi Z. Njia hiyo sikuifuata. Herufi 26 zikipangwa nusu toni kwa nusu toni zinapita oktavu mbili, na kwa kuwa tahajia haijali upatanifu wa sauti, wimbo unarukaruka hovyo kiasi kwamba msikilizaji anajua papo hapo kuna kitu kimefichwa. Nilitaka wimbo unaoimbika, wa chini ya dakika moja, wenye sentensi moja ya Kiswahili iliyofungwa kwa misimbo miwili ya kale.

Msingi wake ni mraba wa Polybius. Mwanahistoria huyo Mgiriki alieleza namna ya kutuma herufi kwa mienge: herufi zinapangwa katika jedwali la safu mlalo tano na safu wima tano, kisha kila herufi inatajwa kwa namba mbili, kwanza ya mlalo na halafu ya wima. Namba zinazohitajika ni 1 hadi 5 tu. Skeli ya do, re, mi, so, la nayo ina sauti tano, na hakuna sauti mbili ndani yake zinazopishana kwa nusu toni, kwa hiyo unaweza kuzipanga kwa mfuatano wowote na sikio lisilalamike. Herufi moja ikawa nota mbili.

Jedwali lina nafasi 25, kwa hiyo herufi moja lazima itoke. Maelezo ya Kiingereza kwa kawaida huunganisha I na J. Kwa Kiswahili huko ni kujitafutia matatizo, maana herufi zote mbili zina kazi nyingi. Q haina kazi, nikaiondoa. X nayo haitumiki katika maneno yetu, ila niliiacha, kwa sababu msimbo wa pili unaweza kuitoa. CH, SH na NY nilizihesabu kama herufi mbili mbili, na alama ya ng' ningeiondoa kama ingejitokeza. Mraba nikaufungua kwa neno NGOMA, ambalo lina herufi tano zisizojirudia na hivyo linajaza mlalo wa kwanza wote:

1: N G O M A
2: B C D E F
3: H I J K L
4: P R S T U
5: V W X Y Z

T ni 44, A ni 15, Z ni 55. Neno NGOMA mfumbuzi analipata kwenye jina la wimbo wenyewe, "Ngoma Ndani ya Mraba". Mraba wenye neno la ufunguo lisilodokezwa popote haufai kwa ujumbe mfupi, kwa kuwa hakuna herufi za kutosha kuukisia.

Ujumbe wangu ni TAZAMA NYUMA YA SAA, herufi 16. Ukiupitisha kwenye mraba peke yake, tatizo linaonekana mara moja: A ziko saba kati ya 16. Jozi 1-5 itasikika mara saba, tena 1 na 5 ndizo sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, hivyo mruko mkubwa kuliko yote ndio unaojirudia. Hata asiyejua chochote kuhusu misimbo atasema hiyo ni A. Kiswahili kina A nyingi mno kuachwa bila kufunikwa.

Kwa hiyo kabla ya mraba niliweka msimbo wa Vigenère, ambao ni msimbo wa Kaisari (kila herufi inasogezwa mbele katika alfabeti kwa hatua kadhaa) unaobadilisha hatua zake kwa kufuata neno la ufunguo. Neno hilo nilitaka litoke kwenye muziki wenyewe, yaani liandikwe kwa majina ya nota A hadi G. Maneno ya Kiswahili ya herufi hizo ni machache lakini yapo: BABA, DADA, BEBA, BEGA, DAGAA, DEBE. Nilikataa yote yenye A. Katika Vigenère, A ni hatua sifuri, na BEGA ingeacha kila herufi ya nne jinsi ilivyo. DEBE ikashinda: hatua 3, 4, 1, 4.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Ukifanya Vigenère kwa alfabeti ya herufi 26 halafu ukaja kwenye mraba wa 25, siku moja itatoka Q na haina pa kukaa. Tumia alfabeti ileile isiyo na Q katika hatua zote mbili: A ni 0, P ni 15, R ni 16, Z ni 24, na ukifika 25 unarudi 0. Basi T (18) ikiongezwa 3 ni 21, yaani W. A ikiongezwa 4 ni E. Z ikiongezwa 1 inazunguka na kuwa A. Ukimaliza unapata:

WEAE PEOC XRBC DWBE

Herufi inayojirudia zaidi sasa ni E, mara nne badala ya saba. Bado kuna uvujaji mmoja. Kwa kuwa A ni sifuri, kila A ya ujumbe inatoa herufi ya ufunguo yenyewe. A zangu saba zimetoa E, E, E, B, D, B, E, na hizo ndizo herufi za DEBE waziwazi. Kwa siri ya kweli huo ungekuwa udhaifu mkubwa, hasa kwa lugha kama yetu. Kwa fumbo niliuacha makusudi, kwa sababu mfumbuzi makini anapata pa kushika. Ujumbe wa herufi 16 na ufunguo wa herufi nne unaipa kila hatua herufi nne tu, na kwa kiasi hicho takwimu za herufi hazisaidii kitu. Edward Elgar, mtunzi wa muziki wa Uingereza, aliandika mwaka 1897 barua ya ishara 87 ambayo mpaka leo haina ufumbuzi unaokubaliwa na wote. Fumbo la namna hiyo linasifiwa sana, lakini mimi nataka langu lifumbuliwe.

Sasa namba. Kwa mraba wa NGOMA, herufi hizo 16 zinakuwa:

52 24 15 24 / 41 24 13 22 / 53 42 21 22 / 23 52 21 24

Kishawishi ni kusema 1 ni do, 2 ni re, 3 ni mi, 4 ni so, 5 ni la, na kuandika. Hesabu kwanza. Katika nota 32, namba 2 inatokea mara 14, na kati ya jozi 16, tisa zinaanza nayo. Ikiwa 2 ni re, wimbo mzima utaegemea re na hautapata nyumbani, yaani do. Huwezi kuchanganya mpangilio upendavyo ili 2 iwe do, kwa kuwa sauti tano zina mipangilio 120, na mfumbuzi hana namna ya kujua umechagua upi. Dawa ni kuizungusha skeli: anza la ya chini. Hapo 1 ni la, 2 ni do, 3 ni re, 4 ni mi, 5 ni so, na kanuni inabaki kuwa ya asili, yaani sauti ya chini kabisa ni 1 na ya juu kabisa ni 5. Wimbo unaanza so-do, do-mi, la-so, do-mi, na unakaa ndani ya nusu toni 10, masafa ambayo karibu kila mtu anaweza kuimba.

Mdundo ndio unaotenganisha jozi. Nota ya mlalo niliipa pigo moja na nusu, ya wima nusu pigo. Herufi moja ni mapigo mawili, na kila kipimo cha mapigo manne kina herufi mbili. Bila tofauti hiyo ya ndefu na fupi, mfumbuzi akianza kuhesabu kwenye nota ya pili anapata jozi tofauti kabisa, na kwa kuwa kila jozi ya namba 1 hadi 5 ni herufi halali, hakuna kitakachomwambia amepotea. Kwa sababu hiyohiyo usianzishe wimbo kwa nota ya kudandia kabla ya kipimo cha kwanza, usiunganishe nota mbili kuvuka mstari wa kipimo, na usiweke madoido. Nota ikipandishwa oktavu kwa ajili ya uzuri itahesabiwa kuwa sauti ya sita, na mraba utakufa hapo.

Udhaifu mkubwa wa mafumbo ya tabaka mbili ni kwamba ukifungua tabaka la kwanza vizuri, unachokiona ni takataka. WEAEPEOC haitofautiani kwa macho na kazi iliyokosewa, na watu wengi huacha wakiwa kwenye njia sahihi. Niliongeza vipimo viwili mwanzoni ambavyo havikupitia Vigenère: 21 24 43 32, yaani BESI. Mfumbuzi anayepata neno kamili mwanzoni kisha mchafuko anajua mambo mawili kwa pamoja: mraba wake ni sahihi, na jibu la mchafuko liko kwenye sauti ya besi.

Na kweli liko. Chini ya vipimo hivyo viwili besi inapiga D, E, B, E, nota moja kwa kila mapigo mawili, ikiwa na Do = C. Wazo la awali lilikuwa besi iendelee kuzunguka DEBE hadi mwisho, kila herufi ya ufunguo ikae chini ya herufi yake. Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye sikio inaharibika katika herufi ya 11 na ya 15: zote zimekuwa 21, zinaanza na do, na do juu ya B ni mgongano wa nusu toni usiovumilika. Katika BESI, B inaangukia chini ya mi na re, hakuna shida. Basi DEBE inapigwa mara moja, kisha besi inanyamaza.

Tahadhari kuhusu B. Katika desturi ya Kijerumani, B ni si iliyoshushwa nusu toni, na si ya kawaida huitwa H. Ndiyo maana mtunzi Mjerumani Bach aliweza kuandika jina lake kwa nota nne, na mtunzi Mrusi Shostakovich akajitia sahihi kwa D, S, C, H, ambapo S ni mi iliyoshushwa. Desturi hiyo inaongeza herufi za kuchezea, lakini ukichanganya desturi mbili katika fumbo moja utapata malalamiko. Mimi niliandika juu ya karatasi majina ya nota saba kuanzia C hadi B, chini ya do hadi si.

Kama fumbo linatolewa kwa sauti tu bila karatasi, wimbo unasomeka katika kimo chochote kwa sababu namba zinategemea juu na chini tu. Besi haisomeki hivyo, inahitaji majina halisi. Tanguliza mlio wa A ya hezi 440, sekunde mbili zinatosha, kisha kimya. Angalia pia C, ambayo ni 22: do mbili mfululizo kwenye ala yenye mlio mrefu zinasikika kama nota moja. Gita au kinanda vinatenganisha vizuri. Filimbi inayopigwa kwa kuunganisha itakupotezea herufi.

Mwisho niliweka do ya kipimo kizima, ambayo haisomwi. Ujumbe unaishia do-mi, na bila do hiyo unabaki unaning'inia. Urefu wake tofauti unatosha kumwonya mfumbuzi kwamba si sehemu ya jozi. Vipimo 11 kwa kasi ya mapigo 66 kwa dakika vinachukua sekunde 40.

Kwenye faili la MIDI, yaani faili la kompyuta linaloandika kila nota kwa namba, nota tano zina namba 57, 60, 62, 64 na 67, na besi ni 50, 52, 47, 52. Ukilitoa faili lenyewe, wafumbuzi watalifungua na kusoma namba, jambo ambalo mimi sioni ubaya wake. Zima tu kipengele cha programu kinacholegeza mdundo ili usikike wa kibinadamu.

Uhakiki nilifanya kutoka kwenye rekodi, si kutoka kwenye jedwali langu la kazi, kwa kuwa makosa mengi huingia wakati wa kunakili nota. Vidokezo vya akiba viko vitatu na vinatolewa kwa mpangilio huu: kwanza, hesabu sauti tofauti za wimbo; pili, ndefu inatangulia fupi; tatu, Q haimo na baada ya Z ni A.

Ukibadilisha ujumbe, hesabu upya namba inayoongoza kabla ya kuchagua pa kuanzia skeli. Ikiongoza 1, anza do. Ikiongoza 2, anza la kama nilivyofanya. 3, anza so. 4, anza mi. 5, anza re. Kisha pitia tena kila mahali ambapo besi yako inakutana na do.