Nilipopewa Sehemu ya Yuda

Jumapili ya Matawi, usiku

Leo, tuliposoma kwa kugawana sehemu habari za mateso ya Bwana, nimesema maneno ya Yuda kanisani, kwa sauti, mbele ya watu wanaonijua.

Sehemu ile si yangu. Kila mwaka huisoma mzee mmoja wa kwaya mwenye sauti nzito, ila wiki hii kifua kimembana, na Ijumaa jioni Padri akanipigia simu. "Dada, nisaidie sehemu ya Yuda. Mistari yenyewe michache." Nikaitikia kabla sijafikiri. Baada ya kukata simu ndio nikafungua Mathayo 26 na 27, nikahesabu. Yuda anasema mara tano tu. La kwanza ni "Ni nini mtakachonipa, nami nitamsaliti kwenu?" La mwisho ni "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Katikati pana maagizo kwa waliokuja kumkamata Yesu, pana salamu ya busu, na pana swali moja lililonikaa kooni tangu Ijumaa: "Ni mimi, Rabi?"

Wenzake wote walipouliza swali hilohilo walisema Bwana. Yeye peke yake kasema Rabi. Nayasoma maandiko haya tangu mafundisho ya kipaimara, na sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipotakiwa kulitamka mwenyewe.

Pengine kanisa jingine ningesoma, nikashuka, yakaisha. Lakini Mkunazini, hapa mjini Unguja, si mahali pa kusoma habari za fedha ukapita tu. Kanisa Kuu letu limesimama palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa 1873 Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Mwaka huohuo, siku ya Krismasi, likawekwa jiwe la msingi. Watembeza wageni huwaonesha watu duara la marumaru mbele ya altare, wakawaambia hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Mimi nimekulia na habari hiyo kiasi kwamba duara lenyewe nimeshalizoea kama mkeka wa nyumbani.

Sasa vile vipande thelathini vya fedha alivyolipwa Yuda. Kutoka 21:32 inasema ng'ombe wa mtu akimpiga mtumwa pembe, mwenye ng'ombe amlipe bwana wa mtumwa shekeli thelathini za fedha. Kwa hiyo makuhani hawakubuni bei. Walimpimia Yuda bei ya mtumwa. Na mimi nasimama hatua chache kutoka kwenye lile duara, nauliza kwa sauti ya kanisani, "Ni nini mtakachonipa?"

Bibi mzaa babu yangu, wanavyosimulia nyumbani, alitolewa jahazini akiwa mtoto, akakulia Mbweni, kwenye ardhi waliyoinunua wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, kwa ajili ya walioachwa huru. Aliuzwa kwa kiasi gani huko bara alikotoka, hakuna aliyetuhadithia. Kwa sababu yake kuna maneno siwezi kuyavumilia hata yakisemwa na mtu mwema. Huja mgeni akasema, "Tazama Mungu alivyo mkuu, aliruhusu soko ili lipatikane kanisa." Hapana. Yusufu aliwaambia ndugu zake, waliomuuza kwa vipande ishirini, kwamba wao walikusudia mabaya na Mungu akakusudia mema. Sawa. Lakini aliyeyasema ni Yusufu, aliyetumbukizwa shimoni. Angeyasema mmoja wa wale ndugu, yangekuwa matusi.

Padri leo hakuhubiri sana, jua lilikuwa kali na maandamano ya makuti yalituchosha wote. Ila alisema jambo moja nililoliandika nyuma ya karatasi ya nyimbo. Kwa Kigiriki, alisema, neno linalotumika kwa Yuda ni *paradidomi*, kukabidhi, kutia mikononi mwa mwingine. Na Paulo anapoandika katika Warumi 8:32 kwamba Mungu hakumwachilia Mwana wake bali alimtoa kwa ajili yetu sote, neno ni hilohilo. Na Wagalatia 2:20, anapojitoa Kristo mwenyewe, hilohilo tena. Sisi Waswahili tumeyatenga: Yuda amesaliti, Baba ametoa. Tumefanya vizuri, maana mwizi na mtoa sadaka wote wawili hutoa fedha mfukoni, ila mfuko wa nani? Lakini kwa kutenga huko tumeficha fumbo lenyewe. Mikono mitatu imeshika mtu mmoja, inampeleka mahali pamoja, usiku mmoja.

Basi Yuda alikuwa na njia nyingine? Swali la watoto wa mafundisho hilo, na watu wazima wamelizeekea. Agostino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa kule ambako leo ni Algeria, aliyefariki mwaka 430, alijibu hivi: wewe unakumbuka ya jana, na kukumbuka kwako hakukuyalazimisha yatokee, vivyo hivyo Mungu kuyajua ya kesho hakuyalazimishi. Nalipenda jibu hili. Calvin, mwanatheolojia wa Kiprotestanti, miaka zaidi ya elfu moja baadaye, hakutaka hata kusikia kwamba Mungu anaruhusu tu kama mtu aliyekaa barazani anatazama wapita njia. Kwake yeye Mungu anataka, wala hapati doa. Jibu hilo silipendi, ingawa kila nikilisukuma mlangoni linarudi kwa dirishani, kwa sababu Matendo 2:23 inasema wazi: alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa, na mliomuua ni ninyi. Petro anaweka yote mawili katika sentensi moja wala hafafanui, anaendelea na hotuba yake.

Lakini sikukaa usiku huu niandike habari za Calvin. Nataka kuandika habari za somo yangu.

Mimi na yeye tuna jina moja, ndiyo maana tukaitana somo tangu skuli. (Miongoni mwa mitume nao walikuwapo wasomo wawili. Katika Yohana 14 yuko Yuda anayeuliza swali zuri tu, na mwandishi akaona lazima aongeze "siye Iskariote". Maskini, karibu miaka elfu mbili anatembea na mabano yake.) Somo ndiye aliyekuwa kijumbe wa upatu wetu. Tulikuwa watu kumi na mmoja, elfu hamsini kila mwezi. Namshukuru Mungu hatukuwa kumi na wawili, ningeanza kutafuta maana. Mwaka juzi, mwezi wa zamu yangu, alikusanya laki tano na nusu, na asubuhi akapanda boti ya saa moja kwenda Dar.

Kila mtu alinipa pole. Nilipokea pole kwa mikono miwili, na nikalia. Nisichomwambia mtu ni kwamba nilijua.

Si kwa ndoto wala ufunuo. Wiki mbili kabla, nilikuta kwake pale lilipokuwa friji pana alama ya mraba sakafuni. Cherehani nayo haikuwapo. Aliniuliza, kama anayeulizia bei ya ndizi, boti ya kwanza siku hizi inaondoka saa ngapi. Na usiku wa kuamkia ile siku alikuja kwangu kuchukua mchango, tukala mkate wa kumimina na chai ya tangawizi, nikamhesabia elfu hamsini zangu mkononi, na nikamtazama usoni, na nikajua. Alisimama mlangoni muda mrefu, mkono kwenye komeo. Kama mtu anayengoja aulizwe.

Nikamwambia, "Haya somo, ulale salama."

Kilichonizuia ni muhali. Wasiokulia visiwani hueleza muhali kama haya au adabu, lakini ni kitu kingine. Ni kuona uzito wa kumvunjia mtu uso, hata pale ambapo uso wake ndio unaoomba kuvunjwa. Ningemuuliza, "Somo, unakwenda wapi na fedha za watu?" angekasirika, au angelia, au angecheka akasema una wazimu wewe. Yoyote kati ya hayo yangemwachia nafasi ya kurudi nyuma. Badala yake nilimwacha na mpango wake, peke yake, nikaziweka dalili zote kifuani mwangu kama risiti za kuja kuonesha baadaye.

Kwa hiyo Agostino ana haki: kujua kwangu hakukumsukuma. Somo alikwenda kwa miguu yake. Lakini nimegundua, leo pale mbele na kile kitabu mkononi, kwamba Yesu hakufanya kama mimi. Nilikuwa nadhani anayejua akinyamaza ndiye anayempa mwenzake uhuru. Yeye hakunyamaza. Alisema mezani, chakula kikiwa bado kinaliwa, "Mmoja wenu atanisaliti." Yuda akauliza, akajibiwa, "Wewe umesema." Kwa Yohana akapewa na tonge, na tonge pale kwao kama kwetu hupewa mtu wa karibu. Akaambiwa alifanye upesi. Ajabu ni kwamba kila ninaposoma haya, naona mlango ukiwa wazi zaidi, wala si ukifungwa. Mtu aliyeambiwa usoni "najua" anaweza kusema basi, nimekamatwa, siendi tena. Angeweza. Imeandikwa kwamba hakuweza? Imeandikwa kwamba alitoka, "nako kulikuwa ni usiku."

Sijui kama hili linamtosheleza mtu wa theolojia. Bado pana ile "kama alivyoandikiwa" na pana ole wake katika mstari uleule, na mimi sina chombo cha kuyapatanisha hayo mawili.

Jirani yangu, bibi anayekaanga vitumbua, alinikuta alasiri nimekaa barazani na Biblia mapajani. Nikamweleza, maana haachi kuuliza. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, sie Nabii Issa hatusemi kasulubiwa, kwa hiyo huyo Yuda wako mhangaikie mwenyewe." Tukacheka. Kisha akageuza kitumbua, akasema, "Ila kadari tunayo na sie. Na tumeambiwa umfunge ngamia kwanza, ndipo umtawakali Mungu. Wewe ngamia ulimuona kamba imekatika, ukamtazama." Sikuwa nimemwambia habari za somo. Pengine mtaa mzima unajua nilijua.

Kuna jambo bado, na ndilo lililoniweka macho. Kwaresima hii, wiki ya pili, simu ililia: umepokea shilingi elfu ishirini. Namba siijui, jina ni langu. Jina letu. Hakuna neno lingine. Niliwaonesha wenzangu wa upatu, wakasema kwa pamoja nisijibu, elfu ishirini za nini, atuletee zote au akae nazo, hayo ni yake na Mungu wake. Nikaona wamesema kweli. Fedha bado zimo kwenye simu, sijazitoa.

Leo tulipofika Mathayo 27, nikasema mstari wangu wa mwisho, "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Sauti ilinitetemeka, na si kwa kuigiza. Na kijana aliyesoma sehemu ya makuhani akanijibu pale pale, kwa ufasaha kabisa, "Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe." Fedha mkononi, kosa mdomoni, na watu wa dini wanamwambia hayo ni yako. Halafu msimulizi akaendelea na habari za kujinyonga.

Petro alimkana Bwana usiku uleule, mara tatu, naye ilikuwa imetabiriwa. Yeye alilia nje, lakini siku ya tatu bado alikuwa karibu na watu ambao wangeweza kumwita.

Saa nne usiku nimepiga ile namba. Imeita mara ya kwanza ikakatika. Nimepiga tena. Ikapokelewa, kimya, nasikia daladala na mtu anauza karanga kwa mbali.

"Somo?" akasema.

Nilikuwa nimepanga maneno yote. Nilitaka kumwambia nilijua, tangu alama ya friji, na kwamba nilipaswa kumuuliza pale mlangoni. Muhali ukanishika palepale kooni.

"Somo," nikasema, "mvua huko zimeanza?"

Akasema zimeanza tangu juzi. Tukakaa kwenye mvua hizo dakika nzima, na hakuna aliyekata simu.