Kambo alinikomesha

Kambo yangu alifariki mwaka jana mvua zikianza, na mimi ndiye niliyeombwa kuandika maneno ya kusoma matangani. Niliandika kwa mkono mpaka usiku wa manane, nikapiga picha karatasi, nikamtumia binamu yangu aliyeolewa Dar es Salaam aipitie, maana yeye Kiswahili chake kimenyooka. Asubuhi ikarudi. Pale nilipoandika "Kambo alinikomesha tangu nina miaka 3", alikuwa amekata kwa wekundu na kuandika juu yake: "Bibi alinikuza".

Sikumkasirikia. Kwa mtu wa pwani sentensi yangu ni ya kutisha. Kukomesha kwao ni kufanya jambo lisiendelee tena: serikali inakomesha magendo, mama anakomesha utundu. Mtu akikwambia "nitakukomesha", kaa chonjo. Na kambo kwetu ni bibi, kwao sivyo. Ni lile la mama wa kambo, baba wa kambo. Kwa hiyo walisoma kwamba mama wa kambo alinitia adabu tangu nina miaka mitatu.

Kwetu Lubumbashi, kusini mwa Kongo, kukomea ni kukua. "Nilikomea Katuba" maana yake nililelewa mtaa wa Katuba mpaka nikawa mtu mzima, wakati msikilizaji wa Morogoro anaweza kuelewa kwamba safari yangu iliishia hapo. Na anayekufanya ukomee, amekukomesha. Mimi huliweka neno hili karibu na kukomaa, la ndizi na la akili. Nikisema nimekomeshwa, nasikia ndani yake mtu aliyekuwa mbichi akangojewa.

Haya nayaona kila wiki kazini. Mimi ni wakala wa forodha mpakani Kasumbalesa, ambako malori ya shaba yanapanga foleni kuingia Zambia na mengi yanaendelea hadi bandari ya Dar. Dereva mmoja Mtanzania, mtu mzima, tulikuwa tukingoja karatasi zake, akaniuliza kama wazazi wangu wapo. Nikamjibu, "Hapana, papa, ni kambo alinikomesha." Akavua kofia. "Pole sana, dada. Alikukomesha kwa kosa gani?" Ilichukua muda kumweleza, na alipoelewa alisema kwao angetumia kulea tu, basi.

Kulea. Hilo ndilo neno ambalo sina ugomvi nalo hata kidogo. Kambo alilitamka kwa l mbili, kulela, kama wanavyosema majirani zetu Wabemba. Zamani nilidhani ni makosa ya wazee. Lakini tazama pwani wanavyosema mtoto "amelelewa": ile l waliyoiacha kwenye kulea imerudi yenyewe. Kambo hakukosea, alikuwa ameibakiza tu. Tena kwa Waluba wa Kasai, ambao babu zao wengi waliletwa huku kufanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, kulela ni kuzaa kwenyewe. Jiji hili lilianza mwaka 1910 na likakusanya watu wa kila lugha, kwa hiyo kwenye ua mmoja tendo la kuzaa na la kulea liliweza kuitwa kwa jina moja. Pwani wameyatenganisha, hata methali ipo: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Sasa kukuza. Ni neno zuri, lakini nalitumia kwa vitu: kukuza picha, kukuza biashara, kukuza kipaji. Hata ugomvi mdogo mtu anaweza kuukuza. Anayekuza anatazama ukubwa. Kustawisha nalo linanipa mahindi yenye majani ya kijani kizito. Kufuga ni kwa kuku, na kwa ndevu pia. Kutunza ni kuangalia kisiharibike. Unaweza kutunza kiti. Kulea kunakubali hata uovu, maana husemwa fulani analea uzembe. Nadhani ni kwa sababu kulea kunahitaji uwepo hapo kila siku, na ubaya pia hauoti bila mtu wa kuuvumilia kila siku.

Kambo alikuwa na bustani nyuma ya nyumba: lengalenga, matembele, na tuta moja la nyanya. Mwezi wa 7, baridi kavu ya huku ikiwa kali na ardhi nyekundu imekuwa vumbi, alimwagilia kwa kopo la mafuta alilolitoboa matundu kwa msumari. Miche ya nyanya aliihamisha jioni, kamwe si asubuhi. Alichimbua mche pamoja na donge lake la udongo, akaubeba kwa viganja viwili, akauingiza shimoni, akashindilia kwa vidole gumba. Kesho yake ungekuta majani yamelala chini, nami nikilia kwamba yamekufa. Aliweka nyasi kidogo juu ya kila mche upate kivuli, akasema, "Uache. Iko inazoea." Siku ya nne ilisimama. Jirani alipomwuliza mimi ni wa nani, alijibu bila kuinua macho kwenye tuta: "Ni miye niko namukomesha."

Ningewezaje kuweka "kukuza" hapo?

Nilimpigia binamu. Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikaa kwa Kambo mpaka darasa la sita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi liache. Na mimi alinikomesha." Nikasoma hivyo hivyo, na kina mama waliokaa mikekani wakaitikia.

Wiki hii fundi wa msalaba ameniuliza kitu cha kuandika chini ya jina. Nafasi ni ndogo. Kambo alizaa watoto wanne na kuchukua saba wa watu wengine. Nimemwandikia kwenye kipande cha karatasi, kwa herufi kubwa ili asikosee: ALIKOMESHA WATOTO 11.