Mlembe alifundishwa na nani?

Juzi kati hapa Majengo nimesikia tena ile kauli ya "tabia iko kwenye damu", safari hii kasemwa bwana mmoja mchoyo, eti baba yake mchoyo, babu yake mchoyo, basi kesi imeisha. Mi mambo ya damu huwa nakwama kwa mlembe, yule ndege anayeongoza watu kwenye asali.

Shemeji yangu wa Manyoni anarina asali porini. Anasema mlembe akimuona anamsogelea, anapiga kelele kama mtu anatikisa kiberiti, anarukia mti wa mbele, akiona hufuati anarudi kukuchokoza tena, mpaka mnafika kwenye mbuyu wenye nyuki. Wewe unatoa moshi unakula asali, yeye anataka nta na majana (watoto wa nyuki).

Sasa huyu ndege halelewi na mama yake. Mama anataga kwenye kiota cha ndege wengine, na kifaranga anaanguliwa kipofu, hana manyoya, ila mdomoni ana vikulabu na anawaua navyo watoto wa mwenye nyumba, yaani muuaji kabla hata hajafumbua macho! Kwa hiyo hakuna aliyemkalisha akamwambia mwanangu, ukiona mtu mwite. Hapo ukisema damu sibishi.

Ila kuna utafiti ulitoka 2023, wa Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, Tanzania, na Wayao wa Niassa, Msumbiji. Wahadzabe wanamwita kwa mluzi, Wayao wana mlio wao wa brrr-hm. Watafiti wakapiga sauti zote mbili kote kote, mlembe wa Eyasi akaitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko ule mlio wa ugenini, na wa Niassa naye akapendelea wa kwao. Inaonekana kuongoza kazaliwa nako, wito wa kuitikia kaokota mtaani.

Na sisi ndo hivyohivyo bana. Kupenda kitamu mtoto anazaliwa nako, lakini malipo ya ndege kila watu na yao: Wayao wanamtandikia nta kwenye majani, Wahadzabe mara nyingi wanaichoma au kuificha ili abaki na njaa, awapeleke kwingine (nikamkumbuka bosi mmoja, nikacheka peke yangu).

Nikamuuliza shemeji yeye anaachaga nini.

"Sega lenye majana, shemeji. Usipomwachia, siku nyingine anakupeleka kwa chui."

Hakucheka hata kidogo. Baba yake ndo alimwambia hivyo.