Kaswende kwenye ujauzito: nilivyomfikisha mume wangu kwenye sindano

Hudhurio la kwanza kliniki nilipimwa UKIMWI na kaswende kwa pamoja, damu kidogo tu ya kidoleni. UKIMWI sikuwa nao. Kaswende ikaonekana. Kwa kuwa sikuwa na kidonda wala upele, nilimwomba nesi arudie. Akarudia, majibu yakawa yale yale.

Mimi nilidhani magonjwa ya zinaa humpata mtoto akipita njia ya uzazi tu. Kisonono na klamidia huambukiza hivyo, ndiyo maana watoto hupakwa dawa ya tetrasaiklini machoni wakishazaliwa. Kaswende haisubiri uchungu. Inapita kwenye kondo la nyuma mtoto akiwa bado tumboni, kwa hiyo hata upasuaji haumkingi. Mimba inaweza kuharibika, mtoto akafia tumboni, au akazaliwa nayo. Kinga yake ni mama kuchomwa penisilini mapema, angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Mimba yangu ilikuwa inaelekea miezi mitano, muda ulikuwepo.

Kwa vile haikujulikana nimekaa nayo tangu lini, niliandikiwa sindano 3 za benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4 kila moja, wiki kwa wiki, na nikaonywa kwamba nikichelewa sana naanza upya. Dawa yenyewe ni nyeupe, nzito kama tui. Nesi anaitikisa, anachoma takoni, anasukuma taratibu maana sindano huziba. Inauma, nisikudanganye, nilitoka nachechemea. Usiku ule homa ikanipanda. Nilishaambiwa huweza kutokea vijidudu vinapokufa, ila nikiona tumbo linakaza au mtoto hachezi nikimbilie hospitali.

Shoga yangu akanishauri nikanunue doksisaiklini duka la dawa, eti ilimponya mumewe. Mumewe hana mimba! Dawa hiyo haifai kwa mjamzito, na erithromaisini haimfikii mtoto vya kutosha.

Sasa mume wangu. Nesi alinipa kikaratasi cha kumwita, akasema asipotibiwa ataniambukiza upya na sindano zangu zitakuwa kazi bure. Kumwambia kwa simu sikutaka, wala usiku akitoka kwenye bodaboda amechoka. Nikangoja Jumapili baada ya chakula, mama mkwe ameenda jumuiya. Nikaanza na mtoto.

"Kliniki wamekuta ugonjwa kwenye damu yangu, unamfikia mtoto. Dawa ipo, ila tunatibiwa wote wawili."

"Ugonjwa gani?"

"Kaswende."

Akaweka kikombe chini. "Umeutoa wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, nesi alinifundisha: kaswende inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, na kipimo hakisemi nani kaileta wala lini. Nikamwambia hayo mengine tutayaongea mtoto akishazaliwa salama, sindano haiwezi kungoja. Hakunijibu. Alitoka, akarudi usiku sana, na mimi nikanyamaza. Naamini kunyamaza kule kulisaidia kuliko maneno yote niliyokuwa nayo mdomoni.

Wiki ile ile alikuja kliniki. Aliyefuatana na mwenza wake pale huhudumiwa kwanza, kwa hiyo hakukaa benchi muda mrefu huku akitazamwa. Alipoiona ile sindano akauliza, "Nesi, hakuna ya kunywa?" Chumba kizima kikacheka, naye akacheka. Mpaka tulipomaliza dozi wote wawili tulilala mzungu wa nne. Mazungumzo yale tulikuja kuyafanya kweli, na yanabaki ya ndani.

Wodini nilionyesha kadi kabla hata sijaulizwa, ili wajue la kuangalia. Binti yangu alipozaliwa walimkagua viganja na nyayo kama vina upele, pua kama inatoa majimaji, wakamminya tumbo kuona kama ini limevimba. Hakuwa na kitu.

Mimba iliyofuata kipimo kilionyesha tena kaswende. Mume wangu alinitazama, mimi nikamtazama yeye. Nesi akatucheka: kipimo hiki cha haraka kikishaonyesha mara moja, kwa kawaida huendelea kuonyesha hata ukiwa umepona. Kipimo cha RPR, ambacho kingesaidia kujua kama ni maambukizi mapya, siku ile hakikuwepo, hivyo akashauri tuchomwe tena kwa usalama. Mume wangu alikuwa wa kwanza kuvuta suruali, ili amalize maumivu mapema.