Pua ndiyo iliyokufa, ulimi ulikuwa hai: nilivyorudisha ladha baada ya korona

Mimi ni mpishi wa shughuli, Mombasa. Miaka kumi na minane sikuwahi kupima chumvi ya pilau kwa kijiko: naonja supu ya nyama kabla ya kutia mchele, basi. Kwa hiyo korona iliponipata mwaka 2021, homa na kikohozi havikunitisha kama asubuhi ya siku ya nne, nilipotia hamri mdomoni nikaona natafuna pamba. Iliki sikuisikia kabisa.

Ushauri ukaanza kumiminika. Jirani akaniambia nitafune tangawizi mbichi, kitunguu saumu na pilipili, "ulimi uamke, mwanangu." Nikatafuna asubuhi na jioni, siku sita, machozi yananitoka. Nikafurahi pia, maana pilipili nilikuwa naisikia, nikadhani ladha inarudi. Wapi! Pilipili si ladha. Ule muwasho unapita kwenye mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu na joto, ndiyo maana ukijishika jicho baada ya kukata pilipili linawaka, na jicho halionji kitu. Nilichokipata ni vidonda viwili ndani ya shavu na kimoja chini ya ulimi. Hata chai ya vuguvugu ikawa adhabu.

Kisha muuza dawa mmoja akanipa antibayotiki bila hata kuniambia nifungue mdomo. Mpaka leo nikikumbuka naudhika. Antibayotiki haiui kirusi. Inaua bakteria, wakiwemo wale wa mdomoni wanaozuia kuvu isitawale. Wiki moja baadaye ulimi wangu ulikuwa mweupe kama umepakwa mtindi, na nikiukwangua unatoka damu.

Daktari wa meno ndiye wa kwanza kunitazama vizuri. Akagusa ulimi, akatazama chini yake, akasema, "Mama, huna mate." Kumbe ule ukavu niliodhani ni wa homa haukuwa wa homa tu. Machi 2021 watafiti wa Marekani walichapisha kwamba kirusi hiki huingia hata kwenye seli za tezi za mate na za fizi. Na mate ndiyo yanayoosha asidi kwenye meno. Mdomo ukikaa mkavu miezi, meno hutoboka. Nikaanza kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima, kutafuna chingamu isiyo na sukari na kusukutua maji ya chumvi. Dawa ya kuvu ilikuwa nistatini ya maji, mara nne kwa siku, shilingi mia tatu na kitu. Usiimeze mara moja! Izungushe mdomoni, uikalishe, na usile juu yake.

Halafu akanifanyia jambo lililonifungua macho. Akaniwekea sukari ulimini: tamu, kwa mbali. Chumvi, nikaijua. Ndimu, ukali nikausikia, ila undimu wenyewe haukuwepo. Kilichokufa zaidi ni pua. Ulimi unajua tamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule utamu wa supu ya nyama. Iliki, mdalasini na bizari zote ni kazi ya pua.

Akanieleza zoezi lililoanzia kwa profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, mwaka 2009: kunusa harufu nne, mara mbili kwa siku, kila moja kama sekunde kumi, wiki kumi na mbili. Harufu zenyewe ni waridi, mkaratusi, ndimu na karafuu. Karafuu! Nilicheka kwa furaha, maana vyote vimo nyumbani kwangu. Sikununua mafuta ya bei. Karafuu nilizitwanga kidogo zitoe mafuta, maganda ya ndimu nikayakuna kila asubuhi, majani ya mkaratusi nikayafikicha, na waridi nikatumia marashi tunayowanyunyizia watu harusini. Vikopo vinne vyenye vifuniko. Na sikunusa tu, nilijilazimisha kukumbuka: kwenye karafuu niliwaza majamvi yanayoanikwa kando ya barabara Pemba, nilikokwenda nikiwa mdogo.

Kazi haikungoja. Binti wa dada yangu ndiye aliyeonja sufuria zote, nami nikapima kila kitu na kuandika daftarini. "Halati, chumvi bado," ananiambia, naongeza robo kijiko, naandika.

Wiki ya tano ndimu ikarudi. Wiki ya nane kahawa ikaanza kuninukia mpira ulioungua, na kitunguu kikikaangwa nakimbia jikoni. Nililia siku hiyo. Daktari akasema ni mishipa inajiunga upya na bado inakosea, niendelee. Nikaendelea miezi sita badala ya mitatu. Karafuu ilirudi mwisho, nikiwa nimeinamia sufuria ya pilau ya watu mia mbili, na nikamwita yule binti aje anishike mkono.

Kuonja naonja mwenyewe sasa. Daftari bado ninalo, na yeye sasa anapika shughuli zake kwa vipimo vyake.