Nilivyoacha kazi ya hoteli Malindi bila kuacha pesa zangu

Barua ya kwanza niliiandika nimeketi juu ya kreti ya soda nyuma ya jiko, saa nane mchana, jasho linadondokea karatasi. Mistari minne. "Naacha kazi kwa sababu zangu za kibinafsi, na nashukuru kwa nafasi mliyonipa." Hizo sababu za kibinafsi zenyewe ni kwamba mshahara wa Machi haujaja, wa Aprili haujaja, na Mei inaishia. Lakini nani ataka kugombana na meneja ambaye kesho atapigiwa simu aulizwe habari zako? Malindi ni mji mdogo, na mameneja wote wanajuana.

Anayeujua mji wetu anaijua miezi hiyo. Masika yamepiga, Waitaliano wamesharudi kwao, hoteli nyingine zimefunga kabisa. Sisi tuliobaki tuliambiwa tuvumilie, tukavumilia. Nilikuwa mtunza stoo, mwaka wa sita, shilingi 22,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Usiku nikampigia dada yangu aliyeko Brescia, Italia. Yeye naye miezi michache nyuma alikuwa ameacha kazi kwenye kampuni ya usafi iliyomzungusha mshahara. Nikamwambia nami naacha. Akaniuliza kama anayeuliza umekula nini: "Na pesa za kukosa kazi, huko kwenu mwaziomba ndani ya siku ngapi?"

Nilicheka hadi mke wangu akatoka chumbani.

Kumbe kwao liko fungu liitwalo NASpI, hulipwa na INPS, shirika lao la hifadhi ya jamii. Anayeacha kazi kwa hiari yake hapati hata senti. Ila ukiacha kwa sababu mwajiri hakulipi, wao husema una giusta causa, yaani sababu ya haki, na unahesabiwa kama uliyepoteza kazi bila kupenda. Kule fomu ya kuacha kazi hujazwa kwenye intaneti na lazima uchague aina. Dada alibakisha kidogo abonyeze "kwa hiari". Aliyemwokoa ni karani wa patronato, zile ofisi zinazowasaidia wafanyakazi na makaratasi: kwanza mwandikie mwajiri barua ya kudai haki yako, maana INPS watataka kuona kweli ulidai, halafu chagua giusta causa, halafu omba kabla siku 68 hazijapita. Akafanya hivyo, akalipwa. Si pesa za kudumu, na kuanzia mwezi wa sita hupunguzwa asilimia 3 kila mwezi, lakini kodi ya nyumba ilitoka humo.

Kenya hatuna mfuko kama huo. Katiba, kifungu cha 43, inataja haki ya hifadhi ya jamii, lakini ukiacha kazi leo hakuna dirisha la kwenda kuomba. NSSF nayo, mfuko wetu wa pensheni, kwa aliyeacha kazi ni mpaka afike miaka 50. Mimi nina 34. Hata hivyo nililala na neno moja la dada: pesa zake zote zilitegemea sababu aliyoandika.

Asubuhi nikaipeleka ile barua kwa mzee jirani yetu wa Maweni, aliyekuwa mwakilishi wa wafanyakazi hotelini enzi zake. Akaisoma huku ameishika mbali na macho. "Mwanangu, hapa umewasamehe deni. Sababu za kibinafsi! Mshahara ni wako, lakini ukikaa mbele ya afisa wa leba, hii karatasi ndiyo watakayoitoa kwanza."

Basi tukaandika upya. Kwanza barua ya kudai, miezi imetajwa mmoja mmoja na kiasi chake, nakala ikapigwa muhuri wa hoteli. Wiki moja ikapita kimya. Ndipo nikapeleka ya kuacha kazi, na humo nikaandika wazi kwamba naacha kwa sababu sijalipwa. Nilitaka kuondoka siku ileile, mzee akakataa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na ukiruka hiyo notisi wao ndio watakaokudai. "Usiwape cha kukata," alisema. Kufanya kazi siku 28 zaidi bila kuona shilingi, hiyo sikuipenda, na hadi leo siipendi.

Siku ya mwisho nilifanya jambo ambalo hakuna aliyenifundisha. Nilimwita mhasibu stoo tukahesabu kila kitu: mitungi ya gesi, mchele, mafuta, kreti, hadi sabuni. Nikaandika kwenye kauntabuku, akatia sahihi, nikatia yangu, nikapiga picha kwa simu. Alinicheka.

Nikatoka bado sijalipwa, nikaenda ofisi ya leba, ile ya serikali inayosikiliza migogoro ya kazi. Afisa alikuwa mama mmoja mtaratibu. Aliniuliza swali moja tu kabla ya kufungua faili: "Ulidai kwa maandishi?" Nikamtolea nakala yenye muhuri. Akaandika barua ya kuwaita. Mara ya kwanza hawakuja. Mara ya pili alikuja meneja na mhasibu, na wa kwanza kusema ni mhasibu: stoo ilipungua mitungi miwili ya gesi, nikatwe. Nikamwonyesha afisa picha ya kauntabuku, sahihi ya mhasibu mwenyewe chini. Meneja akamgeukia, hakusema kitu.

Tulikubaliana mishahara yote ya nyuma ilipwe kwa awamu mbili, pamoja na siku 19 za likizo ambazo sikuwa nimechukua (sheria inakupa siku 21 za kazi kwa mwaka). Malipo ya utumishi, ile pesa ya miaka uliyofanya kazi ambayo watu huita sevisi, sikupata. Nilikuwa nimeyapigia hesabu kabisa, kumbe kwa kuwa nilikuwa mwanachama wa NSSF, sheria haiwalazimishi kunilipa. Wenzangu wengi bado wanaamini sevisi ni ya kila mtu.

Awamu ya kwanza ilikuja Agosti, Waitaliano wamerudi na vitanda vimejaa. Ya pili ilichelewa, nikarudi kwa yule mama mara mbili, ikaja Septemba. Mke wangu alikuwa mjamzito, kwa hiyo kabla ya chochote nililipa SHA, bima ya afya ya serikali, ya mwaka mzima kwa kiwango cha chini, shilingi 300 mara 12.

Na barua ya sifa ya meneja, ambayo kwa ajili yake niliogopa kugombana naye, sikuiomba tena. Niliomba cheti cha utumishi, ambacho mwajiri hawezi kukunyima ukifanya kazi wiki nne au zaidi. Kimeandikwa jina, kazi yangu, siku niliyoanza na siku niliyotoka. Hakuna neno zuri hata moja, wala baya. Nilikipeleka kikatiwe plastiki palepale mjini.