Kiangazi cha Guangzhou, kati ya majora na cherehani

Mwanafunzi wa Wuhan akisema anakwenda Guangzhou likizo ya kiangazi, wenzake humshangaa. Wuhan yenyewe Wachina wanaihesabu katika miji ya tanuri, sasa mtu anakimbilia kusini kutafuta nini? Mimi nasoma uhandisi wa nguo, na sababu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni shangazi yangu, mfanyabiashara wa Kariakoo, ambaye alikuwa anakuja Julai kuchukua mzigo na alitaka mkalimani asiyepokea chochote kutoka kwa muuzaji. Ya pili ilikuwa yangu peke yangu: nilitaka kuwaona wanaoshona.

Nimekulia Tanga nikivaa nguo za kutoka China, na darasani nimefundishwa nyuzi, rangi na mashine. Lakini kati ya kiwanda cha kwenye kitabu na gauni linaloning'inia Mtaa wa Kongo kuna watu, na hao sikuwa nimewahi kukutana nao.

Treni ya mwendokasi kutoka Wuhan inakwenda kama kilomita elfu moja kwa takribani saa nne, halafu inakushusha Guangzhou Kusini, kituo kilichoko mbali kidogo na mjini, wilaya ya Panyu. Hapo unaingia metro namba 2 mpaka Changgang, unabadili kwenda namba 8, kisha unateremka Lujiang. Ndipo nilipopanga chumba, na siku hiyohiyo mwenye nyumba akanipeleka polisi kujiandikisha, maana mgeni asiyelala hotelini ana saa 24 tu za kufanya hivyo. Mzee huyo alikuwa amevaa kaptula na kandambili, na kiunoni ana fungu la funguo. Majirani waliniambia kwamba katika mitaa hii mtu wa sura hiyo ndiye wa kuheshimu, kwa sababu kila ufunguo ni mlango unaomlipa kodi.

Lujiang na jirani yake Kangle ni vijiji vilivyomezwa na jiji. Mashamba yalichukuliwa, wenyeji wakabaki na viwanja vya nyumba zao, wakajenga kwenda juu, ghorofa tano, sita, saba, wakijaza kila upenyo. Jirani wa jengo la pili akinyoosha mkono dirishani na wewe ukanyoosha wako, mnasalimiana. Jua halifiki chini. Saa sita mchana taa zinawaka vichochoroni, na maji ya viyoyozi yanadondoka mabegani kutwa nzima. Nguo nilizofua hazikukauka kwa siku tatu, na tulipopata mvua za Agosti nilikuwa nazikausha kwa feni.

Ila vichochoro hivyo vina uhai ambao sijauona penginepo China. Chini ya kila jengo kuna karakana: cherehani kumi, ishirini, meza ndefu ya kukatia, mashine za kufunga pindo, na pasi ya mvuke inayofanya chumba kizima kiwe na ukungu. Baiskeli za umeme zenye magurudumu matatu zinapita na majora yamelazwa kwa ubavu, na dereva anapiga honi akitaka uegemee ukutani. Ukitoka saa tano usiku bado mashine zinalia. Alfajiri unakuta magunia ya vipande vya vitambaa nje ya milango yakisubiri wa kuyazoa.

Kilichonikamata zaidi ni barabara ya kuajiriana. Matajiri wa karakana wanasimama pembeni, kila mmoja ameshika nguo iliyokamilika, na bei ya kushona kipande kimoja imeandikwa kwenye kipande cha boksi. Fundi anapita, anaichukua ile nguo, anaigeuza ndani nje, anapima kola kwa vidole, anahesabu mishono na zipu. Anajua papo hapo atatoa ngapi kwa siku. Bei isipomridhisha anairudisha na kusogea kwa tajiri mwingine. Hakuna anayeulizwa cheti. Nilisimama pale asubuhi nyingi nikiangalia namna fundi anavyosoma nguo, na niliona kuwa anaona mambo ambayo sisi darasani tunayatafuta kwa rula na darubini.

Hapo ndipo bahati iliponiangukia. Wenyeji wa Guangzhou husema Kikantoni, ambacho sikielewi, lakini mafundi wa Kangle na Lujiang wengi wao si wenyeji. Wametoka Hubei, mkoa uleule ambao mji wake mkuu ni Wuhan, na lafudhi yao nimeizoea kwa miaka. Mama mmoja kutoka Tianmen aliponisikia nikiagiza tambi kwa matamshi ya Wuhan aliacha kijiko chake akaniita mezani kwake. Kumbe asubuhi kichochoro kizima kinakula chakula cha Hubei: tambi za moto zilizochanganywa na ufuta uliosagwa, achari ya figili na pilipili. Mimi naomba wasinitilie mchuzi wa nyama, na baada ya wiki ya kwanza muuzaji hakuhitaji kuambiwa tena.

Yule mama na mumewe wana karakana ndogo, mashine nane. Mume anakata, mke anasimamia ushonaji na kushona yeye mwenyewe. Mtoto wao yuko Tianmen kwa bibi yake, anasoma. Wanamwona kwa simu kila jioni, simu imeegemezwa kwenye kopo la nyuzi, mama anaendelea kushona huku anauliza habari za hesabu na mitihani. Aliniruhusu kukaa pale, akanionyesha jinsi ya kushika kitambaa kinachoteleza bila kukivuta, maana ukikivuta pindo litakunjamana likifuliwa. Alisema yeye hugusa nguo yoyote anayoiona dukani na kujua kama fundi aliyeishona alikuwa amechoka. Nilimwamini.

Shangazi alipofika alipanga hoteli Xiaobei, kama wafanyavyo wafanyabiashara wengi kutoka Afrika. Ni mtaa wa wilaya ya Yuexiu, metro namba 5, na kwa muda mrefu ndio umekuwa nyumbani kwa Waafrika wa Guangzhou. Wakongwe wa biashara wanasema zamani ulijaa kuliko sasa, lakini bado karibu na jengo la Tianxiu unasikia Kiswahili, Kilingala na Kifaransa kwenye lifti moja, na migahawa ya tambi ya Waislamu kutoka kaskazini-magharibi inakuuzia chakula halali mpaka usiku. Nilimwamkia shikamoo pale mapokezi, na kijana wa Kichina aliyekuwa zamu akaitikia "marahaba" kabla yake.

Tulianza na soko la vitambaa la Zhongda, lililo ng'ambo ya barabara kutoka chuo kikuu kilichoanzishwa na Sun Yat-sen, kiongozi wa mapinduzi ya China, mwaka 1924. Soko limepata jina kutokana na kifupi cha jina la chuo hicho, na ni eneo kubwa la majengo na maelfu ya maduka: jengo la lesi, la denimu, la vifungo na zipu, la pamba. Shangazi amefanya biashara hii miaka mingi, na ana kipimo chake. Anachomoa uzi kwenye sampuli, anauwasha kwa kiberiti. Rayoni inaungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inabaki shanga nyeusi ngumu. Muuzaji anayekuambia "pamba tupu" huku moshi wake unanuka plastiki hana la kujitetea.

Mimi nami nilikuwa na la kumpa. Vitambaa vinavyovutika, vile vya fulana, huuzwa Zhongda kwa kilo, na visivyovutika kwa mita. Shangazi alikuwa akilinganisha bei za kilo peke yake. Nikamwonyesha: kama kitambaa kina gramu 180 kwa mita ya mraba na upana wake ni mita 1.8, mita moja ya urefu ina gramu 324, kwa hiyo kilo inakupa mita tatu na kidogo. Kitambaa kizito cha bei hiyohiyo kwa kilo kinakupa mita pungufu za kukata. Alinitazama, akachukua kalamu, akaandika kanuni ile nyuma ya daftari lake la mzigo. Ada ya chuo niliyolipiwa na babu, baba yake shangazi, nilihisi imeanza kurudi nyumbani.

Siku nyingine tuliamka alfajiri kwenda Shisanhang, soko la jumla la nguo zilizoshonwa, lenye maduka yanayofunguliwa kabla jua halijapanda na kufungwa mapema mchana. Jina lake linatokana na nyumba za biashara zilizoshughulika na wageni hapo enzi ambazo Guangzhou ilikuwa bandari pekee ya China iliyoruhusiwa kufanya biashara na Wazungu, kuanzia 1757 mpaka 1842. Leo ni ngazi za umeme zilizojaa vijana wanaobeba mifuko myeusi mikubwa kuliko wao.

Hapo ndipo nilipoona jambo ninalotaka lisomwe na kila mteja wa Kariakoo. Shangazi alichagua gauni la maua, mikono mipana, lastiki kiunoni. Muuzaji akauliza, "Mnapeleka soko gani?" Kisha akaangika magauni matatu yenye maua yaleyale. La kwanza lilikuwa la rayoni nzito, mishono mifupi, pindo la ndani limefungwa kwa nyuzi nne, lastiki imepewa njia yake. La pili lilikuwa hivyohivyo ila kitambaa chepesi na nyuzi tatu. La tatu lilikuwa poliesta nyembamba, mishono mirefu ya haraka, lastiki imepigwa moja kwa moja juu ya kitambaa. Ukisimama hatua mbili, macho yako hayaoni tofauti. Bei zilipishana sana.

Watu wanasema nguo ya China ni mbovu kwa sababu imetoka China. Nasema kwa uhakika wa niliyoyaona: nguo mbovu imeagizwa iwe mbovu. Fundi aliyeshona lile la tatu anaweza kushona la kwanza, pengine alilishona wiki iliyopita. Yeye analipwa kwa kipande, na bei ya kipande imepangwa na mnunuzi aliyesimama pale dukani, mara nyingi mtu wa kwetu, akibana senti ya mwisho. Kumlaumu mama wa Tianmen kwa lastiki inayochanika baada ya kufua mara mbili ni kumwonea. Na mteja wa kwetu naye anaonewa, kwa sababu anauziwa la tatu kwa maneno ya la kwanza.

Shangazi alihesabu muda mrefu: nafasi kwenye kontena, ushuru, pango la fremu. Alichukua la pili kwa wingi na la kwanza kiasi. La tatu aliliacha, akijua jirani yake wa Kariakoo atalileta na kuuza nusu ya bei yake. "Mwanangu," alinambia tukishuka ngazi, "mteja akirudi kuniuliza, nitamjibu nini?"

Ijumaa tulikwenda msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu, penye kaburi ambalo Waislamu wa China wanalihusisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Miti mikubwa, watu wa mataifa yote, na nje ya geti wauzaji wa mikate na mishikaki. Shangazi alilia kidogo pale, hakusema kwa nini.

Alipoondoka nilibaki na jiji peke yangu. Nilivuka Mto wa Lulu kwa feri za abiria, yuan chache tu, jioni taa za Mnara wa Canton zinapowaka. Una mita 600 na ulifunguliwa 2010, mwaka wa Michezo ya Asia, na kutoka mtoni unauona wote bila kulipia lifti. Nilijifunza kunywa dawa ya mitishamba inayouzwa vibandani kama sisi tunavyouza kahawa, chungu mno, na wazee wa Guangzhou wanaiamini kwa joto la mwili. Nilikula lichi msimu wake wa mwisho. Ladha yake itamkumbusha mtu wa pwani shokishoki, ila lichi ina harufu ya maua. Kwenye nyumba za chai za asubuhi nilikaa na wastaafu wenye magazeti, nikagonga meza kwa vidole viwili kila nilipomiminiwa, kama wanavyoshukuru wao. Kimbunga kilipotangazwa, karakana zilishusha milango, na mafundi wakalala mchana kutwa kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Serikali ya jiji ina mpango wa kujenga upya Kangle na Lujiang na kuhamishia ushonaji Qingyuan, kaskazini ya Guangzhou. Baadhi ya wenye karakana wameshakwenda kuona nafasi. Kule ni kweupe, pana hewa, moto ukizuka watu wana pa kutokea, na vichochoro hivi kwa kweli ni hatari. Mume wa mama yule anataka kuhama. Mke anahofia kuwa mbali na soko la vitambaa: leo zipu ikipungua anatuma mtu na baada ya nusu saa kazi inaendelea. Walikuwa wanabishana hivyo nilipokwenda kuwaaga, na hawakuwa wamefika mwisho. Tianmen haifiki saa mbili kutoka chuoni kwangu. Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina karakana itafungwa, wote wawili watakuwa kwao na mtoto wao, na nimeshaahidi kwenda. Mama yule ameniagiza kitenge, cha pamba kabisa, na akasema atakichoma uzi kwanza.